Kitambaa Tulichokizeesha kwa Chai

Mimi ni muuza chai. Kibanda changu kiko Baraka, karibu na pale boti zinapopakia mizigo, na wateja wangu ni wapagazi, wanawake wanaosubiri ndakala, dagaa wetu wa ziwani, wa asubuhi, na madereva wa pikipiki ambao hunywa haraka na kulipa polepole. Wengi wao hawajui jina langu. Wananiita Mama Chai, nami nimezoea, hata siku nikiitwa kwa jina langu halisi nageuka kutafuta nani mwingine ameingia.

Nina mdogo wangu mmoja tu, wa kike, ameolewa Lweba. Asubuhi moja alishuka kwenye pikipiki mbele ya kibanda, tumbo limetangulia na uso umenuna. Hakunisalimia sawasawa. Alikaa kwenye benchi katikati ya wateja, akaanza kuokota makombo ya maandazi mezani kwa ncha ya kidole.

"Ulipanda pikipiki na ile tumbo yote?" nikamwambia. "We mutoto, uko na akili kweli?"

"Yaya, usianze."

Yaya kwetu ni dada mkubwa, na yeye akiniita hivyo kwa sauti ile najua kuna jambo. Nikampa chai, nikawahudumia wapagazi waliokuwa wanapiga kelele, kisha nikakaa karibu naye.

"Mama mukwe ameuliza kitambaa," akasema.

"Kitambaa gani?"

"Ya kwetu. Ya kutoa mutoto. Anataka kuiona."

Hapo nikaelewa, na nikaacha kumtania. Ukoo wa shemeji yangu una desturi ambayo sijaiona kwa majirani zao wengine. Mtoto hukaa ndani mpaka kitovu kianguke, na hilo hata kwetu lipo. Siku hiyo wanawake hukusanyika, na mtoto hutolewa nje kwa mara ya kwanza akiwa amelazwa juu ya kitambaa cha kudarizi kilichotoka kwa bibi yake, mama wa mama yake. Kipya hakikubaliwi. Kinatakiwa kiwe kilishamtoa mtoto mwingine wa nyumba hiyo. Ndivyo wanawake wa upande wa baba wanavyoona kwamba mtoto ana watu na upande wa pili, na anayesimamia shughuli husema mbele ya wote kwamba mtoto anatoka na watu wa kwao.

Sisi hatukuwa na kitambaa. Mama yetu alikuwa nacho, hilo nalijua, kwa sababu alifundishwa kudarizi na masista kabla ya kuolewa. Lakini tulipokimbia vita nyumba ilibaki wazi na kila kitu ndani yake, na mama mwenyewe alifia ng'ambo ya ziwa, kambini, mdogo wangu akiwa bado anatambaa. Nilimlea mimi. Tuliporudi Baraka tulikuta msingi wa nyumba na mpapai mmoja ambao hatukuupanda. Si sisi tu. Katika mji huu ukiona kiti kinaonekana cha zamani, basi kina miaka michache tu ila kimekaliwa na watu wazito.

"Umemujibu nini?" nikamwuliza.

Akainamisha kichwa. "Nilisema iko kwako."

Nilitaka kumgombeza, maneno yalikuwa yameshafika mdomoni, lakini nikamwona anashika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba bakuli la supu lililojaa. Mimba mbili zilishamtoka. Ya kwanza mapema, ya pili tulipokuwa tumeshaanza kubishana mtoto atafanana na nani. Hii ya tatu ilikuwa imefika mbali, na kadiri ilivyofika mbali ndivyo alivyozidi kuogopa.

"Yaya, batasema siko na bantu," akasema kwa sauti ndogo. "Batasema ile mbili zilitoka sababu nyuma yangu hakuna muntu. Na huyu atatoka inje hivi tu, kama mutoto wa kuokotwa."

Mimi si mtu wa kulia mbele ya wateja. Nilisimama nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kisha nikamwambia alale kwangu, kesho yake tutaingia sokoni.

Wazo langu lilikuwa jepesi. Kwenye mitumba hutoka kila aina ya kitu, na niliwahi kuona, katikati ya mashuka na mapazia, vitambaa vya meza vilivyodariziwa na wanawake wa mbali ambao hawatajua kamwe kwamba kazi yao imefika huku kwetu Fizi. Tungepata kimoja, tukakizeesha nyumbani, mama mkwe akaridhika, mtoto akatoka, mambo yakaisha. Sikuona dhambi hapo. Aliyeiba cha kwetu hakuniuliza.

Muuza mashuka alikuwa mwanaume mnene mwenye maneno mengi, aliyekuwa amefungua robota jipya juu ya turubai. Tulipekua mpaka mgongo ukaniuma. Mdogo wangu ndiye aliyekiona. Kilikuwa cha kitani, kizito kidogo mkononi, kimedariziwa vichaka vya maua madogo ya buluu kwenye pembe zote, na majani yake yamefuatana kuzunguka pindo. Mishono ilikuwa myembamba, imelala pamoja bila kupandana. Kwenye pembe moja palikuwa na herufi mbili zilizosokotana, za mtu fulani huko. Kilikuwa cheupe kupita kiasi, cheupe kama maziwa ya kopo.

"Hiyo ni mupya kabisa, mama," yule mwanaume akasema alipoona tumekishika. "Niliilaza na javel, dawa ya weupe, usiku muzima. Angalia hiyo weupe!"

"Ungeiacha," nikamwambia. "Mi natafuta yenye kuzeeka."

Akanitazama, akamtazama mdogo wangu, akatazama tena kitambaa. "Mama, batu bananigombanisha kila siku kama bitambaa vyangu ni vya zamani. Leo weye unanigombanisha sababu ni mupya?"

"Ndiyo. Punguza bei, umekiharibu."

Watu wa meza ya jirani wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka, akifunika mdomo kwa mtandio, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mimba ionekane. Tulikipata kwa bei ya huruma, na nadhani alitupunguzia ili tuondoke haraka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kufumua zile herufi. Mdogo wangu aliketi kwenye mkeka mlangoni kwangu na wembe na sindano, akafumua uzi mmoja mmoja kwa subira ambayo mimi sina. Nilikuwa nachambua maharage. Baada ya muda akaniita niangalie. Pale palipokuwa na herufi, chini ya nyuzi zilizobanana, javel haikuwa imefika vizuri. Kitani pale kilikuwa na rangi ya majani makavu, na herufi zilionekana bado, zimeandikwa kwa rangi ya uzee wake mwenyewe.

"Yaya, kumbe ni ya zamani kweli," akasema.

Nikachukua kitambaa nikakiinua kwenye mwanga. Kumbe tulinunua kitu kizee kilichofanywa kijana kwa nguvu, na sisi tulikuwa tunataka kukirudisha alipokitoa yule mwanaume wa javel. Nilijisikia vizuri kidogo baada ya hapo. Nikamwambia mdogo wangu kwamba hatudanganyi sana, tunarekebisha tu, naye akanijibu kwamba mimi nikiamua jambo huwa sikosi la kusema.

Masalio ya majani ya chai sikuyakosa. Niliyakusanya ya siku nzima, nikayachemsha tena kwenye sufuria kubwa mpaka maji yakawa meusi, nikatia chumvi ili rangi ishike. Nilijaribu kwanza kwenye kipande cha foronya kuukuu, kikatoka na rangi nzuri, kama karatasi ya kitabu kilichokaa. Tukakilowesha kitambaa kwa maji matupu ili chai isishike sehemu moja na kuacha nyingine, kisha tukakizamisha na kukigeuza kwa mwiko pole pole. Mdogo wangu alisimama juu ya sufuria kama anapika ugali wa harusi.

Tulipokitoa na kukikamua, rangi ilikuwa nzuri. Nikakitundika kivulini nyuma ya nyumba, nikarudi ndani. Kilipokauka, mdogo wangu akakileta na kukisogeza puani mwangu.

Kilinuka tangawizi. Na kwa nini kisinuke? Majani yangu yote yanachemka na tangawizi tangu alfajiri, na mimi nimeizoea harufu ile hata siisikii tena. Muuza chai mwingine angefikiri. Mimi nilikuwa nimechukua siku nzima kutengeneza kitambaa cha marehemu mama yetu, na kilinuka kama kikombe cha mpagazi.

"Mama mukwe atakinywa," mdogo wangu akasema.

Tulicheka mpaka akaniambia niache, tumbo linambana. Lakini alipomaliza kucheka akaanza kufikiri, na uso ukarudi kuwa ule wa kwanza. Tukakisuuza, harufu ikabaki. Tukakianika juani, ikabaki. Jirani akatushauri ndimu, kwamba ndimu inafukuza harufu yoyote, hata ya samaki mikononi. Mdogo wangu akakata ndimu akapitisha huku na huku, na kweli tangawizi ikapungua, ila kila palipogusa ndimu rangi ya chai ilififia na kuacha madoa meupe yasiyo na mpango. Nilipoyaona nilipiga kelele. Mdogo wangu akakitandaza mkekani, akarudi nyuma hatua moja, akakiangalia akiwa amekunja mikono.

"Acha vile," akasema. "Angalia. Sasa iko kama ilitumiwa."

Alisema kweli. Chai ilikuwa imekipa rangi moja sawasawa, na kitambaa kilichoishi na watu hakiwi na rangi moja. Kuna mahali jua limepiga, kuna mahali mtu alimwaga kitu akasugua. Kuanzia hapo yeye ndiye akawa fundi na mimi nikawa wa kuagizwa. Alisema kitambaa cha sandukuni huwa na mstari wa kahawia pale kinapokunjwa, kwa hiyo tukakikunja kikiwa na unyevu, tukapitisha majani ya chai kwenye mikunjo, tukakilaza chini ya gunia langu la sukari. Safari hii niliyachemsha majani mapya peke yake. Kisha akachukua jiwe la ziwani ninalosugulia visigino, akasugua pindo taratibu mpaka nyuzi zikaanza kuchoka na kutoa manyoya.

Alikaa kwangu muda wote huo. Shemeji alipiga simu, nikamwambia mke wako anapumzika, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa namna yake.

Siku moja akasema kinakosa kiraka.

"Kitambaa yenye ilitoa batoto haiwezi kuwa muzima hivi," akasema. "Iko lazima ilipasuka fasi moja, na muntu akaishona."

Akanipa wembe nikate. Nilishindwa. Nilishika kitambaa, nikachagua mahali, nikaweka ncha ya wembe, na mkono haukutaka. Nilimfikiria yule mwanamke wa mbali aliyeinama juu ya yale maua mpaka shingo ikamuuma. Mdogo wangu akaninyang'anya wembe, akapasua kidogo karibu na ua moja, kama mtu anayekata kitunguu, kisha akachukua sindano na uzi mweupe uliopauka akaanza kuziba, akipitisha uzi juu na chini, juu na chini, mpaka tundu likawa kama kipande kidogo cha mkeka.

Nilikuwa namtazama nikiwa nimesahau sufuria motoni, kwa sababu nilikuwa nimegundua jambo. Tangu mimba hii ianze hakuwa ameshona wala kununua hata kofia ya mtoto. Ile ya pili alikuwa ameandaa kila kitu, na vitu vile alivigawa baadaye kimya kimya kwa wenye watoto. Safari hii ukimtajia nguo za mtoto anabadilisha mazungumzo. Lakini kile kitambaa aliweza kukishika. Hakikuwa cha mtoto anayekuja, kilikuwa kama cha watu waliokwisha kuwepo, na kwa njia hiyo alikuwa anamshonea mwanawe bila kuthubutu kujiambia. Nilimwonea huruma. Nikarudi kwenye sufuria, maana ningelitaja angeacha.

"Mama alikuwa anashona nini?" akaniuliza bila kuinua macho. "Maua?"

"Sikumbuki."

"Hata rangi?"

"Nakumbuka fimbo tu. Alikuwa ananichapa nikishika kazi yake na mikono ya ndizi."

Alicheka kidogo, akakata uzi kwa meno. Ningeweza kumtungia maua na rangi, hakuna ambaye angenipinga, lakini juu ya mama sikuweza. Juu ya kitambaa, sawa. Juu ya mama, hapana.

Mtoto alizaliwa hospitalini hapahapa Baraka, wa kike, mwenye nywele nyingi na sauti ya kudai chakula tangu dakika ya kwanza. Nilimpokea kwenye shuka la hospitali, nikamhesabu vidole kama kila mjinga anavyofanya. Mdogo wangu alikuwa amelala ametazama dari, machozi yakimteremkia masikioni, na hakuuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Aliuliza, "Anapumua?" Nikamwambia anapumua kuliko mimi na weye.

Walirudi Lweba, na kitovu kilipoanguka nikatumiwa ujumbe. Nilifunga kibanda, jambo ambalo wateja wangu walilichukulia kama msiba, nikapanda pikipiki na kitambaa kwenye mfuko wa plastiki kifuani. Njia yote nilikuwa nakinusa. Kilinuka sabuni na sanduku, na mbali sana, kama ukiwa unajua, tangawizi kidogo.

Mama mkwe wa mdogo wangu ni mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hasemi neno mara mbili. Anasali kwa wakati, analima mwenyewe, na sijawahi kumwona ameegemea ukuta. Wanawake walikuwa wameshakaa ndani, wengine kwenye viti, wengine kwenye mkeka. Nje, uani, jua lilikuwa limekolea na wanaume walikuwa wamekaa mbali wakijifanya hawasubiri chochote. Mdogo wangu alikuwa kitandani amempakata mtoto, amevaa kitenge kipya, amejipaka wanja, na alikuwa anazungusha bangili zake mpaka zinasikika.

Nikamkabidhi mama mkwe kitambaa kwa mikono miwili. Alikifungua mkunjo mmoja baada ya mwingine. Alipitisha kidole kwenye mstari wa kahawia, akashika pindo lililochoka, akakigeuza upande wa ndani akaangalia mafundo. Alifika kwenye kile kiraka, akakaa nacho. 

"Aliyeshona hapa alikuwa na mukono muzuri," akasema.

"Ndiyo, mama," nikajibu, na sikuwa nimedanganya.

Akakiweka magotini, akanyoosha mgongo, akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Hii kitambaa ilimutoa nani?"

Hakuna aliyetuambia kwamba kuna swali. Kumbe ndiyo desturi yenyewe: mwenye kitambaa humwonyesha kwa kidole mtu aliyetolewa nacho, na mtu huyo akiwepo husimama aonekane. Tulikuwa tumefikiria rangi, mikunjo, harufu, kiraka. Jibu hatukuwa tumelifikiria. Lakini mimi nauza chai bandarini, sijawahi kukosa jibu mbele ya mteja, na lilinijia palepale. Ningemwonyesha mdogo wangu. Ilimutoa huyu, mama yake mutoto. Nani angejua? Nilikuwa nimeshainua mkono.

"Haijatoa muntu," mdogo wangu akasema kutoka kitandani.

Nikamtolea macho. Hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia mama mkwe wake, akaendelea.

"Mama, unisamehe. Hii tulinunua ku mitumba, mu Baraka. Tuliizeesha na chai, miye na yaya. Ya mama yetu ilibakia mu vita, hatujue iko wapi." Akamsogeza mtoto kifuani. "Nimeogopa kusema. Lakini mutoto huyu ameshatoka muzima, sitaki aanze na uongo."

 Mwanamke mmoja kwenye mkeka alifyonya kidogo, mwingine akamgusa goti anyamaze. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe hakubadilika uso. Aliuliza tu:

"Na weye, walikutoa na kitambaa gani?"

"Hakukuwa kitambaa. Nilizaliwa ng'ambo, mu kambi, wiki ile bamefika. Mama alikuwa mugonjwa, hawezi kusimama. Kitovu ikaanguka, na hakukuwa muntu wa kunitoa." Hapo ndipo aliponigeukia. "Mwenye alinitoa ni huyu. Alikuwa mutoto. Alinibeba, akanitoa inje ya hema, akanionyesha jua, akarudi kumuambia mama kwamba imeisha."

Hilo nilimwambia mara moja tu, miaka mingi iliyopita, siku moja alipokuwa msichana mkorofi na kuniambia kwamba mimi si mama yake nisimpangie. Nilimwambia kwa hasira, kisha nikajuta, na kwa kuwa hakulitaja tena nilidhani limemtoka. Kumbe alikuwa amelitunza miaka yote hiyo. Nilisimama katikati ya chumba cha watu nikiwa sijui niweke wapi uso wangu.

Mama mkwe alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Ulimutoa na nini?"

"Na mikono tu. Hatukukuwa na kitu."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayekubaliana na hesabu. Halafu akasema:

"Basi, leta hiyo mikono."

Sikuelewa mara moja. Alisimama, akanishika viwiko, akaninyooshea mikono mbele kama unavyomnyooshea mtoto anayepimwa nguo. Nilitaka kuirudisha, kwa sababu ni mikono ya maji ya moto na sabuni, imepasuka, na siku hiyo hata mafuta sikuwa nimepaka. Akaishikilia pale pale. Akatandaza kitambaa juu yake, upande wa maua juu.

"Kitambaa iko nzuri," akasema. "Leo nayo itatoa muntu. Siku ya mutoto wa huyu mutoto, itakuwa imezeeka yenyewe."

Akamchukua mtoto kutoka kwa mdogo wangu akamlaza juu ya mikono yangu. Alikuwa mwepesi na mwenye joto. Mama mkwe akasogea kando ya mlango, akafungua pazia, na kwa ile sauti yake isiyorudia neno akawaambia waliokuwa ndani na waliokuwa uani:

"Mutoto anatoka. Anatoka na bantu ba kwabo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi ambaye silii mbele ya wateja nililia mbele ya ukoo mzima, kwa sauti, bila hata mkono wa kujifuta. Sikuona kizingiti. Mdogo wangu alikuwa ameshashuka kitandani akanifuata nyuma, akanishika kiwiko, akaniambia polepole niinue mguu, kisha mwingine, mpaka tukafika juani.